Hajati Saniya, Muonja Mafuta

Kre!

Bado kulikuwa na giza. Inshirah alifumbua macho, akasikiliza. Kimya. Kisha tena: kre!

Aliijua sauti hiyo. Nyuma ya pazia, mama mkwe wake alikuwa anatoa vidonge kwenye vifungashio vyake vinavyong'aa. Cha kwanza cha sukari. Cha pili cha presha.

"Mama, umeamka?" Inshirah aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana, nameza dawa usingizini," alijibu Hajati Saniya. "Amka na wewe. Leo ni siku ya magunia."

Inshirah alicheka peke yake. Alimfunika vizuri binti yake Basma, akaenda kuwasha jiko. Alitaka kupasha maharage na mkate wa jana.

"Mimi usinipashie," Hajati alisema.

"Lakini Mama, daktari alisema kidonge cha sukari ule nacho chakula."

"Daktari anajua sukari. Hajui kazi ya ulimi. Muonjaji hali kitu mpaka gunia la mwisho. Mkate unaulaza ulimi. Chai inauunguza. Kitunguu ndiyo usiseme, kinaufungia mlango kabisa. Mama yangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake."

Inshirah hakubishana. Nani angebishana juu ya ulimi na Hajati Saniya?

Ulimi huo ulijulikana kijiji kizima, na hata ng'ambo ya Nile. Chini ya nyumba yao palikuwa na kinu cha kukamua mafuta ya habasoda. Mume wa Hajati alikiacha alipofariki, na sasa mtoto wake Khalaf, mume wa Inshirah, ndiye aliyekiendesha. Kila mwaka joto lilipoanza, wakulima walimaliza kupura habasoda yao, wakaileta kwa punda na kwa bajaji. Kila mmoja alitaka mbegu zake zikamuliwe peke yake. Na hakuna aliyeyapokea mafuta yake kabla Hajati hajayaonja. Hajati akisema, "Haya ni mafuta," mkulima alitoka kifua mbele. Hajati akisema, "Hm," mkulima alirudi nyumbani kugombana na mke wake.

Alikuwa anaonja hivi. Khalaf alikinga mafuta ya kwanza yaliyotoka kinywani mwa kinu. Hajati alijaza kijiko kikubwa cha mezani. Alisema bismillahi, akayazungusha mdomoni, kisha akayameza yote. Kila gunia kijiko chake. Kutema hakukuwepo. Kule kwao habasoda huitwa mbegu ya baraka, na nani hutema baraka?

Inshirah aliyapenda maisha hayo. Harufu kali ya mafuta ilimfuata mpaka kwenye nywele, akaizoea. Lakini sasa alikuwa na hofu moja. Siku chache nyuma, Hajati alikuwa ameanguka kinuni. Aliangukia karibu na mkanda wa mashine, ule unaozunguka kwa kasi. Mkanda uligusa ncha ya mtandio wake.

Majirani walisema ni jicho la husuda. Walichoma ubani. Walimwambia Basma akate mtu wa karatasi, wakamtoboa huyo wa karatasi kwa sindano mwili mzima, huku wakitaja majina ya watu wenye macho mabaya. Majina yalikuwa mengi kuliko nafasi kwenye karatasi. Khalaf naye alileta dawa yake. Kila usiku alimpa mama yake kijiko kingine cha mafuta, apate nguvu.

Hata hivyo, kila siku karibu na adhuhuri mikono ya Hajati ilikuwa bado inatetemeka. Inshirah aliiona. Akajiuliza: akianguka tena, ataangukia wapi?

Asubuhi hiyo kinu kilijaa watu. Mashine ilinguruma. Mbegu nyeusi ziliingia juu, mafuta yakatoka upande huu, mashudu yakatoka upande ule. Inshirah alikusanya mashudu ya kuwalisha nyati wao wa kufugwa. Basma alikaa juu ya magunia akichezesha miguu.

Hajati alikuwa kwenye kigoda chake. Alionja, akameza, akasema. Mmoja aliambiwa haya ni mafuta. Mwingine aliambiwa, "Mwanangu, mbegu zako ulizivuna mbichi. Ulikuwa unakimbilia wapi?" Watu walicheka.

Zamu ya Ami Hamdan ilikaribia. Ami Hamdan alikuwa mzee mwembamba, mwenye maneno mengi na shamba dogo.

"Hajati, mwaka huu utalia kwa furaha," alisema. "Habasoda yangu imekuwa bibi harusi."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo," Hajati alijibu. "Tukamfunua bibi harusi, tukamkuta bibi kizee."

Watu walicheka tena. Lakini Inshirah hakucheka. Alikuwa ameona jasho kwenye midomo ya mama mkwe wake. Hajati alijipangusa, akageuka, akamtazama.

"Wahiba," alimwambia, "mbona umechelewa?"

Inshirah alishtuka. Wahiba alikuwa dada yake Hajati. Alifariki zamani.

"Mama, ni mimi. Inshirah."

Hajati alisimama. Akapepesuka. Alianza kuinamia upande wa mkanda. Inshirah alitupa beseni la mashudu, akamrukia, akamkumbatia kiunoni. Wote wawili wakaangukia magunia ya Ami Hamdan.

"Zima mashine!" Inshirah alipiga kelele. "Khalaf, zima!"

Mashine ilinyamaza. Kila mtu akaanza kusema.

"Jicho! Si niliwaambia?"

"Mpepeeni! Mpeni hewa!"

"Leteni mafuta," alisema Khalaf. "Kijiko kimoja, atapata nguvu."

"Asipewe kitu!" Inshirah alisema. "Ami Hamdan, tafadhali, kimbia kwa Daktari Marina."

Ami Hamdan alikunja kanzu yake mpaka magotini, akakimbia kama kijana aliyeona bata wake wanaibiwa.

Marina alikuwa na duka la dawa upande wa pili wa barabara. Alikuwa binti wa Gadi, fundi viatu. Alizaliwa nyumba ya jirani, na Hajati ndiye aliyempokea mkononi siku hiyo. Sasa alikuwa mfamasia, na kijiji kizima kilimwita daktari, lakini Hajati bado alimwita mtoto. Alikuja na mfuko wake. Alimchoma Hajati kidogo kidoleni, akaweka tone la damu kwenye kipimo cha sukari. Alitazama. Akamfunga mkono, akapima presha. Alitazama tena.

"Sukari imeshuka sana," alisema. "Na presha iko chini. Hajati, unanisikia?"

"Nakusikia. Mimi ni kiziwi?"

"Alhamdulillahi, ulimi uko hai. Anaweza kumeza. Leteni juisi ya miwa, au maji yenye sukari, haraka."

"Na angekuwa hawezi kujibu?" Inshirah aliuliza.

"Hapo tusingemtia kitu mdomoni. Si maji, si sukari, si mafuta. Angepaliwa. Tungemlaza ubavu na kumkimbiza hospitali."

Juisi ya miwa ilikuja kwa bilauri kubwa. Hajati aligeuza uso.

"Sinywi. Gunia la Hamdan bado. Utamu huu utaniharibia ulimi."

"Kunywa, Hajati," alisihi Ami Hamdan, akihema. "Bibi harusi wangu atangoja. Akishazeeka, si umeshazoea?"

Hajati alitaka kutabasamu, akakosa nguvu. Alikunywa. Baada ya muda mfupi rangi ikaanza kumrudia. Marina alimpima tena, akaridhika. Inshirah alimletea mkate na jibini, Hajati akala vyote, hata makombo.

"Sasa," alisema Marina, akakaa juu ya gunia, "nieleze. Umemeza dawa gani leo?"

"Vidonge vyangu viwili tu. Kama nilivyoambiwa."

"Ukala nini?"

"Muonjaji hali."

"Haya. Na mafuta ya habasoda unakunywa?"

"Sinywi," Hajati alisema kwa uhakika. "Naonja."

Marina alimtazama. Kisha akamgeukia Basma.

"Basma mpenzi, leo Bibi ameonja mafuta ya nani na nani?"

Basma alinyosha vidole. "Ya Baba Mina. Ya Sheikh Bakri, magunia mawili. Ya yule mama mwenye bajaji. Ya wale wa ng'ambo, magunia..." Vidole vya mkono mmoja vikaisha. Akaanza mkono wa pili. Navyo vikaisha. Akatazama vidole vya miguu.

"Inatosha, mpenzi," alisema Marina. "Na kila gunia ni kijiko?"

"Kijiko kikubwa," alisema Basma. "Na kile cha Baba cha usiku."

Khalaf alitazama chini.

Marina alivuta pumzi. "Hajati, mtu anayetumia mafuta haya kama dawa, na daktari wake amekubali, hatumii zaidi ya kijiko kidogo cha chai kwa siku. Wewe umekunywa ya ukoo mzima kabla ya adhuhuri."

"Sasa na wewe sikiliza," Hajati alisema, na macho yake yakawaka. "Mbegu hii ni tiba ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Tumeambiwa hivyo kabla wewe hujazaliwa, na mimi ndiye niliyemzalisha mama yako. Leo uniambie mafuta yangu yananiangusha?"

"Sibishani na baraka, Hajati. Hata maji ya Nile ni baraka. Lakini yakiingia jikoni mpaka kiunoni, utapiga vigelegele?"

Ami Hamdan alikohoa ili asicheke.

"Mafuta yako ni mazuri," Marina aliendelea, kwa upole. "Hilo ndilo jambo lenyewe. Yana nguvu. Wataalamu wameyajaribu. Wameona yanaweza kusaidia kidogo kushusha sukari, na presha pia. Wengine wenye pumu au mafua ya vumbi hupata nafuu. Hayafanyi miujiza, yanasaidia tu. Sasa fikiria kamba. Kidonge chako kinaivuta sukari chini. Mafuta yanaivuta chini. Na tumbo lako halina kitu. Watu watatu wanavuta upande mmoja, na upande wa pili hakuna mtu. Lazima uanguke."

Hajati alifikiri. Kisha akapiga goti lake.

"Basi ni rahisi. Naacha vidonge."

"Hapana, Mama!" Inshirah alisema.

"Kwa nini hapana? Mtoto huyu amesema mwenyewe, mafuta yanashusha sukari."

Marina hakukasirika. Aliuliza swali. "Hajati, mafuta ya Sheikh Bakri na ya Baba Mina, nguvu yake ni sawa?"

"Sawa?" Hajati aliona kama ametukanwa. "Ya Bakri ni makali, yanapanda puani. Ya Baba Mina ni mapole. Hata gunia la kwanza la Bakri na la pili si sawa. La pili lilikuwa chini, limekula unyevu."

"Umeona? Wewe mwenyewe umesema. Kila gunia lina nguvu yake. Sasa ugonjwa wako utautibu kwa gunia lipi? Kidonge kimepimwa. Cha leo ni sawa na cha jana. Ndiyo maana daktari anaweza kukiongeza au kukipunguza. Ukikiacha ghafla, sukari itapanda. Itakula macho, itakula figo, itakula miguu, na wewe hutasikia maumivu mpaka imechelewa."

Huo ulikuwa ujuzi wa Hajati mwenyewe, na ulikuwa umemkamata.

"Basi Inshirah ataonja," alisema mwishoni. "Ana pua nzuri. Nitamfundisha."

Inshirah aliona haya. Alishika ncha ya mtandio wake. Alimtazama Khalaf, Khalaf akatazama dari.

"Mama," alisema polepole, "nadhani na mimi siwezi. Kuna mgeni njiani."

"Mgeni gani? Nyumba haina hata..." Hajati alikatiza maneno. Alimtazama mkwe wake usoni, kisha tumboni. Akaruka kutoka kigodani, akasahau kwamba yeye ni mgonjwa, akapiga kigelegele kirefu mpaka punda wa nje akajibu.

"Kaa, Hajati, kaa!" Marina alisema, akicheka. "Hongera, Inshirah. Na ni kweli, mwenye mimba asinywe mafuta haya kama dawa. Mbegu kidogo juu ya mkate au ndani ya jibini, hicho ni chakula, haina neno. Lakini vijiko, hapana."

"Basi nani ataonja?" aliuliza Ami Hamdan. "Mimi nina gunia hapa."

"Hajati anaweza kuonja na kutema," Marina alisema.

Kinu kizima kiliguna. Hajati aliweka mkono kifuani.

"Niteme baraka? Chini? Mbele za watu?"

Marina aliinua mikono juu. "Nimekosa. Sijasema kitu."

Ikabidi Khalaf aonje.

Khalaf alikuwa mtu mwema na fundi hodari wa mashine. Lakini alivuta sigara tangu ujana, na ulimi wake ulikuwa kama kipande cha ubao. Mafuta ya kwanza alisema mazuri. Ya pili alisema mazuri. Ya tatu alisema, "Haya pia mazuri, mashallah."

"Khalaf," alisema Ami Hamdan, "nikikupa mafuta ya trekta utasemaje?"

"Nitasema mazuri, ukinipa bure."

Watu walicheka, lakini magunia yalianza kurundikana. Wakulima walikaa nje kivulini. Walisema wanangoja. Hawakusema wanangoja nini. Wawili walifunga magunia yao tena juu ya punda.

Siku hizo Hajati alikaa juu, nyumbani. Alikula vizuri, alimeza vidonge vyake na chakula, na hakutetemeka. Lakini alikuwa kimya. Nyumbani mwao, ukimya wa Hajati ulikuwa mzito kuliko mashine. Alimtazama Inshirah akichambua mlenda, hata hakumkosoa.

"Mama, unaumwa?" Inshirah aliuliza.

"Siumwi. Ndiyo shida. Mtu mzima, haumwi, na hana kazi. Nina faida gani tofauti na kigoda?"

Inshirah alisikia uchungu moyoni. Hakutaka mama yake huyu aanguke. Lakini hakutaka pia azimike kama jiko lililomwagiwa maji. Alitia mlenda kwenye supu inayochemka, akakoroga, akaongeza vitunguu saumu vilivyokaangwa. Nyumba ikajaa harufu. Hajati hakuweza kuvumilia. Alisogea, akachovya ncha ya kidole chake kidogo kwenye mwiko, akagusa ulimini.

"Chumvi haijatosha. Na korianda ni ya mwaka jana."

Inshirah aliacha kukoroga.

"Mama."

"Nini? Nimesema kweli."

"Mama, umejua chumvi na korianda kwa ncha ya kidole. Hukunywa sufuria nzima."

Hajati alitazama kidole chake. Alikitazama muda mrefu, kama mtu aliyekutana na jirani yake mahali asipomtarajia.

"Mafuta si mlenda," alisema.

"Si mlenda. Lakini ulimi ni uleule."

Hajati alifunga mtandio wake, akashika ngazi, akashuka kinuni. Inshirah alimfuata, akamwambia Basma amwite Daktari Marina.

"Hamdan!" Hajati aliita. "Uko wapi na bibi kizee wako?"

Ami Hamdan alikuja mbio. Khalaf aliwasha mashine, akakinga mafuta ya kwanza. Marina alikuwa amefika mlangoni. Hajati alichomoa unyasi mmoja kwenye ufagio mpya. Aliuosha, akauchovya kwenye mafuta, akauinua. Tone moja lilining'inia, likimeta.

"Marina, mwanangu, hili linaniangusha?"

"Tone hilo? Hapana, Hajati. Hata yakija magunia yote ya mkoa, unyasi hautajaza kijiko. Lakini kwanza, umekula?"

"Nimekula mlenda usio na chumvi."

Aligusa unyasi kwenye ulimi. Akafumba macho. Kinu kizima kilisubiri. Hakumeza kijiko, hakutema kitu. Baraka ilikaa mahali pake.

"Hamdan," alisema, macho bado yamefumbwa, "mbegu hizi ziliwekwa chumba kimoja na vitunguu."

Ami Hamdan alifungua mdomo. "Wallahi! Nani kakuambia? Mke wangu?"

"Nimeambiwa na vitunguu. Mbegu ni nzuri. Kali, safi, hazina unyevu. Lakini mwakani mtenganishe bibi harusi na vitunguu." Akafumbua macho. "Haya ni mafuta."

Ami Hamdan alicheza hatua mbili palepale, na kanzu yake ikapiga vumbi la mashudu. Watu waliokuwa nje waliingia. Wale wawili walifungua magunia yao kutoka kwa punda.

Wiki hiyohiyo Inshirah alimpeleka Hajati kituo cha afya. Marina alikuwa amewaambia wamweleze daktari kila kitu, vidonge na vijiko. Hajati alieleza mwenyewe, kwa kirefu. Daktari alisikiliza, akapima damu, akabadilisha kidonge cha presha, cha sukari akakiacha kama kilivyo. Alimwambia avimeze na chakula, asikose mlo, na asinywe mafuta kama dawa bila kumuuliza kwanza. Kwa muda wa mavuno, apime sukari yake kwa Marina mara kwa mara.

Tangu hapo kinuni mambo yalibadilika. Muonjaji alianza kazi baada ya kifungua kinywa, na kati ya magunia alikunywa maji tu na kutafuna mkate mkavu. Alidai kwamba mkate unausafisha ulimi, tena alisema kama vile ndivyo alivyosema siku zote. Kigoda chake kilihamishwa mbali na mkanda. Khalaf alijenga uzio wa chuma kuuzunguka.

Wateja waliokuja kununua mafuta nao walipata jambo jipya. Hajati hakuwaachia chupa kabla hajawauliza.

"Unanunua ya nini?"

"Ya mke wangu, Hajati. Mgongo unamuuma."

"Ana mimba?"

"Ya miezi saba."

"Basi mnunulie matunda. Njoo tena mtoto akishazaliwa, na kwanza umuulize mkunga."

Mwingine alikuwa anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, kwa sababu ya moyo. Hajati alimpeleka kwa mkono mpaka dukani kwa Marina. Mafuta haya nayo yanaweza kuichelewesha damu kuganda, Marina alieleza. Mtu wa dawa hizo asiyaguse bila daktari wake. Na mtu anayengoja upasuaji amwambie daktari mapema, aache kuyatumia wiki mbili kabla.

Kijana mmoja alitaka ya kumtia mtoto masikioni.

"Masikioni?" Hajati alisimama. "Sikio la mtoto ni taa, ulijaze mafuta? Mpeleke akapimwe!"

Mama mmoja alitaka ya kupaka uso. Huyo alifundishwa kuanza na tone moja ndani ya mkono, angoje mpaka kesho yake. Ngozi ikiwasha au ikiwa nyekundu, aache. Na wote waliambiwa wayaweke kwenye chupa ya rangi nyeusi, mahali pa baridi, mbali na watoto. Yakinuka kama rangi ya mlango, yamwagwe.

"Utafukuza wateja, Mama," Khalaf alilalamika siku ya kwanza.

Hawakufukuzika. Watu walisema, kinu kinachokuuliza kuhusu mimba ya mkeo hakiwezi kukuuzia mafuta yaliyochanganywa. Wakaja kutoka mbali zaidi.

Siku ya mwisho ya mavuno ilikuwa kubwa. Magunia yalifika mpaka barabarani. Mashine haikupumzika isipokuwa kwa sala na kwa chakula. Hajati alichovya unyasi wake, akagusa, akasema, akatafuna mkate. Adhuhuri ilipita. Alasiri ikapita. Marina alifunga duka lake, akaja kukaa na Inshirah, ambaye sasa tumbo lake lilianza kuonekana.

Gunia la mwisho lilikuwa la Sheikh Bakri. Hajati aligusa ulimi, akafumba macho.

"Haya ni mafuta," alisema.

Khalaf alizima mashine. Masikio yote yakasikia ukimya. Hajati aliweka mikono magotini ili asimame, na hapo jambo la ajabu likatokea. Inshirah alisogea hatua moja. Marina akasogea. Khalaf aliacha kupangusa mikono. Ami Hamdan, ambaye hakuwa na gunia siku hiyo na alikuja kunywa chai tu, aliinuka. Hakuna aliyesema neno. Kwao mambo kama hayo hayasemwi, yasije yakapata jicho. Kila mtu alijifanya anatazama kitu kingine.

Hajati alisimama. Alinyosha mgongo. Alijikung'uta mashudu kwenye gauni lake jeusi, akatembea mpaka mlangoni, hatua zake imara, akageuka.

"Mnanitazama nini? Sina mkia."

Basma alishuka kutoka kwenye magunia matupu, akaenda akamshika mkono, akawatazama watu wote.

"Leo Bibi hakuanguka," alisema.